Mlima Huinuka, Huota au Hulundikana? Vitenzi vya Kiswahili na Elimu ya Kuumbika kwa Milima

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi katika Kiswahili imekuwa, kwa muda mrefu, kazi ya kutafuta majina. Tangu Kamati ya Lugha ya Nchi za Afrika Mashariki iliyoanza mwaka 1930, hadi Baraza la Kiswahili la Taifa lililoundwa Tanzania mwaka 1967 na vijitabu vyake vya Tafsiri Sanifu, hadi kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia iliyotolewa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili mwaka 1990, utaratibu haukubadilika sana: neno la kigeni huwekwa upande mmoja, neno letu huwekwa upande wa pili, na yote mawili aghalabu ni nomino. Hatukusudii kuidharau kazi hiyo. Bila ya kazi hiyo makala kama haya yasingeweza hata kuandikwa. Lakini zipo elimu ambazo kiini chake si vitu bali ni mwendo wa vitu, na elimu ya namna hiyo haibebeki katika orodha ya majina, hata orodha hiyo ikawa ndefu kiasi gani. Elimu ya mabamba ya dunia, inayoeleza jinsi safu za milima zinavyoumbika, ni mojawapo, na katika makala haya tutaitumia kupima madai yetu: kwamba tumekuwa tukitafuta istilahi za milima mahali pasipokuwa pake, hali lugha yenyewe imekwisha kuziweka katika vitenzi.

Mahali pa kufanyia kipimo hiki tumechagua Wamagana, katika Tetu, kata za juu za Nyeri. Uchaguzi huo una sababu. Mtu akisimama Wamagana asubuhi isiyo na ukungu, upande wa magharibi anaiona Nyandarua, safu ndefu ambayo kilele chake cha juu, Satima, hufikia takriban mita 4,000. Na upande wa kaskazini-mashariki anauona Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, ambao ncha yake ya Batian ina mita 5,199. Kati ya milima hiyo miwili ndipo palipo mashamba ya chai na kahawa, udongo mwekundu wenye kina, na mito inayoteremka kuelekea Sagana. Ni vigumu kupata mahali katika Afrika Mashariki ambapo mtoto wa shule hukaa karibu zaidi na somo la milima. Hata hivyo, mtoto huyo akiulizwa kwa Kiswahili milima hutokeaje, jibu tutakalolisikia mara nyingi ni la namna hii: "Milima hujengwa wakati mabamba mawili ya dunia yanapogongana na ardhi ikajikunja."

Sentensi hiyo haina kosa la sarufi. Kwa Himalaya, inakaribia ukweli. Kwa mlima ambao mtoto anautazama kupitia dirishani, ni uongo mtupu. Hakuna mabamba yaliyogongana yakauzaa Kirinyaga, wala hakuna kilichojikunja kikawa Nyandarua. Milima yote miwili imetokana na kinyume cha kugongana, yaani na kuvutwa na kuachana kwa dunia. Basi mwanafunzi anapewa maelezo ya mlima wa watu wengine, kwa lugha yake, naye anayakariri akiwa ameupa mgongo mlima wake mwenyewe.

Jambo hili limetokeaje? Sehemu ya lawama ni ya historia ya elimu yenyewe. Wanajiolojia wa Ulaya waliokuwa wakijiuliza asili ya milima katika karne ya 19 walikuwa na Alps mlangoni pao, na Alps ni milima ya mikunjo. Mkunjo ukawa ndio mfano wa kwanza wa vitabuni, na kila kitabu kilichofuata kikaurithi pamoja na lile onyesho la darasani la kusukuma kitambaa juu ya meza mpaka kikajikunja. Sehemu nyingine ya lawama, hata hivyo, ni yetu watu wa lugha, maana tulipoitwa kuleta maneno tulileta "mabamba", "mikunjo", "ganda" na "volkeno", tukaona tumemaliza. Vitenzi vya kuyaunganisha majina hayo tulimwachia mwalimu wa darasa, naye akatumia vilivyo karibu: kujenga, kugonga, kutokea.

Tukianza na kitenzi "kujenga", ni dhahiri kwamba kimeletwa kutoka ng'ambo pamoja na mzigo wake. Katika Kiswahili anayejenga ana nia, ana ramani kichwani, na anajua atakapofika. Nyumba hujengwa, chama hujengwa, hata tabia hujengwa. Tukisema "milima ilijengwa" msikilizaji ana haki ya kuuliza na nani, na mchamungu atakuwa na jibu lake tayari, ambalo si neno la kubishaniwa hapa. Ila kwa maelezo ya kisayansi tunahitaji kitenzi kisichodai mtendaji. Lugha inacho: "kuumbika". Kauli hii ya -ika inasema kwamba jambo limefanyika na umbo limepatikana, bila ya kumweka mtu nyuma yake. Kwa hiyo katika makala haya milima huumbika.

Sasa tuje kwenye "bamba". Hili ni chaguo jema, nalo limekwisha kuenea. Bamba ni kitu bapa, kigumu, chenye kingo. Na ndivyo elimu hii inavyosema kuhusu tabaka la nje la dunia, kwamba limegawanyika katika vipande vikubwa vigumu, vyenye unene wa wastani wa kilomita 100 hivi, vinavyosogea polepole. Tatizo liko katika neno linalofuata. Wengine husema "mabamba ya ganda la dunia", na katika maandishi ya miaka ya karibuni limezuka neno la kuunganisha, "gandunia", nayo mabamba yakaitwa "mabamba ya gandunia". Neno ni fupi na linatamkika vizuri, lakini linapotosha. Ganda ni ile ngozi ya juu tu, ambayo chini ya mabara huwa na unene wa kilomita 35 hivi. Bamba ni ganda pamoja na sehemu ya juu ya mwamba mgumu ulio chini yake. Vyote viwili husafiri pamoja kama kitu kimoja. Kulihusisha bamba na ganda peke yake ni sawa na kusema kwamba mtumbwi ni rangi iliyopakwa juu yake. "Mabamba ya dunia" yatosha.

Kosa lililo baya zaidi ni la kitenzi. Husemwa kwamba mabamba "yanaelea juu ya uji wa moto". Chini ya mabamba hakuna bahari ya uji. Kuna mwamba mgumu, wenye joto kali, ambao kwa kukaa muda mrefu chini ya mzigo hujongea, kama barafu ya milimani inavyojongea bondeni ingawa ukiigonga kwa nyundo inavunjika. Kiswahili kina "kujongea", kina "kunyumbuka", kina "kutambaa". Yeyote kati ya hivyo anafaa kuliko uji. Lakini yafaa tukiri kwamba "kuelea" kina ukweli wake mahali pengine: safu ya milima ina uzito, na uzito huo hushikiliwa na mzizi wa mwamba mwepesi uliozama chini yake, kama vile jahazi lenye shehena kubwa linavyozama zaidi majini. Mwingereza G. B. Airy alilieleza wazo hili mwaka 1855. Na jahazi likipakuliwa hupanda. Mvua na barafu zikiumega mlima kwa miaka milioni, mzizi wake huinuka na kuuinua mlima uliobaki. Mtu wa Lamu au Pemba ataelewa hoja hiyo upesi kuliko mwanafunzi wa Ulaya ambaye hajapata kuona chombo kikipakuliwa ufukoni. Kuelea hapa ni kwa urari wa uzito, si kwa kuwapo kwa maji.

Tufike sasa kwenye kiini cha hoja yetu. Alfred Wegener alipotangaza mwaka 1912 kwamba mabara yamesafiri, wenzake wengi walimkataa kwa kuwa hakuweza kuonyesha nguvu iliyotosha kuyasukuma. Arthur Holmes, mwishoni mwa miaka ya 1920, alipendekeza mzunguko wa joto ndani ya dunia. Lakini nadharia kamili ilisimama miaka ya 1960 tu, sakafu za bahari zilipochunguzwa na kuonekana kwamba zinazaliwa katikati na kuzama pembeni. Kilichokuwa kipya katika nadharia ile hakikuwa wazo la kusogea, kwani hilo lilikuwako. Kipya kilikuwa kwamba mambo makubwa ya dunia, yaani matetemeko, volkeno na milima, hutokea zaidi mpakani, baina ya bamba na bamba. Na kwamba mwendo wa bamba hauna maana mpaka utajwe mwenzake. Bamba halisogei tu. Linasogea kwa kulinganishwa na jingine.

Lugha yetu ina mofimu kwa ajili ya jambo hilo hasa. Ni kiambishi cha kutendana. Mabamba huachana, mabamba hukutana, mabamba hupishana. Maneno matatu yenye -ana, na humo imo nadharia nzima ya mipaka ya mabamba, ambayo katika lugha za Ulaya hufundishwa kwa vivumishi vizito vya Kilatini. Hakuna lililobuniwa hapo. Mtoto wa darasa la nne anajua kwamba watu wakipishana njiani hakuna anayemgonga mwenziwe ila huenda wakakwaruzana, na ndivyo lilivyo bamba la Pasifiki linapopishana na la Amerika ya Kaskazini huko California: hakuna safu kubwa inayoumbika, lakini kuna matetemeko. Anajua pia kwamba wanaoachana huacha nafasi baina yao. Kama tungeanza somo na vitenzi hivi vitatu, jina la kila mpaka lingejileta lenyewe: mwachano, mkutano, mpishano.

Ni katika kukutana tu ndipo maelezo yanapohitaji kugawanyika, na hapo pia vitenzi havitutupi. Bamba la sakafu ya bahari ni zito. Likikutana na bara, huzamia chini yake. Tunasema "kuzamia" kwa makusudi, si "kuzama": mzamiaji hushuka chini ya kitu na kuendelea na safari. Bamba la Nazca huzamia hivyo chini ya Amerika ya Kusini, na maji liliyoyabeba huingia katika mwamba wa juu yake na kuufanya uyeyuke kwa urahisi zaidi. Ndiyo sababu Andes ina volkeno pamoja na miinuko. Nguvu kubwa inayoyavuta mabamba mengi ni uzito huohuo wa sehemu iliyokwisha kuzamia. Lakini bara likikutana na bara hakuna aliye mzito wa kuzamia vya kutosha. Bara Hindi lilipofikia Asia, miaka milioni 50 hivi iliyopita, bahari iliyokuwa kati yao ilifungika, mashapo yake yakabanwa, yakakunjamana na kulaliana tabaka juu ya tabaka, na ganda la dunia likawa nene karibu mara mbili ya kawaida. Mawe ya chokaa yenye mabaki ya viumbe wa baharini yako leo kwenye kilele cha Everest, mita 8,849 juu ya bahari. Bara Hindi lingali linaisukuma Asia kwa sentimita chache kila mwaka, mwendo wa kucha zinavyokua. (Tumesikia "kupandana" ikitumika kwa tabaka zinazolaliana. Wanafunzi hucheka, na wana haki. Neno hilo ni la zizini.)

Hayo ndiyo maelezo ya Himalaya. Turudi Tetu, ambako mambo yalikuwa kinyume.

Mwaka 1893 mwanajiolojia J. W. Gregory alipita katika nchi hii, akaliona bonde la Naivasha na Baringo, akapanda Kirinyaga mpaka kwenye barafu. Kitabu chake cha mwaka 1896 ndicho kilicholitawaza jina la Bonde Kuu la Ufa. Gregory alishikilia kwamba bonde lilitokana na kuvutwa: nchi ilivutwa huku na huku, ikapasuka katika mistari sambamba, na kipande cha katikati kikadidimia. Wengine hawakukubali. E. J. Wayland, aliyeongoza idara ya jiolojia ya Uganda kuanzia mwaka 1919, na baadaye Mmarekani Bailey Willis katika kitabu chake cha 1936, walidai kwamba kuta za mabonde yetu zilisukumwa, zikapanda juu ya sakafu kwa kubanwa. Tazama jinsi ubishi huo wa wataalamu ulivyokuwa: hawakugombania jina hata moja. Bonde, ukuta, mwamba, volkeno, yote walikubaliana. Waligombania kitenzi. Kuvuta au kusukuma? Ilichukua miongo kadhaa ukweli kumwangukia Gregory. Leo vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba bamba la Nubia na bamba la Somalia yanaachana kwa milimita chache kwa mwaka.

Basi tujaribu kusimulia kuumbika kwa milima ya Nyeri kwa vitenzi vinavyostahili. Kwanza nchi iliumuka. Joto kutoka ndani sana lilipanda chini ya Afrika Mashariki, na uwanda mpana ukavimba juu kama donge la unga lililotiwa hamira. "Kuumuka" ni neno la jikoni, na hatuoni haya kulileta kwenye jarida. Linataja kwa neno moja kuvimba kunakotokana na nguvu ya ndani, bila ya kusukumwa kutoka pembeni. Kisha nchi iliyoumuka iliwambwa. Kuwamba ni kuivuta ngozi pande zote mpaka ikakaza na kuwa nyembamba. Bamba lililowambwa hupungua unene, mwamba wa moto wa chini hupanda, na kwa kupanda hupunguziwa mzigo uliokuwa ukiukandamiza, hapo huyeyuka. Jambo hili halisemwi ipasavyo madarasani. Mwamba wetu uliyeyuka kwa sababu mzigo ulipungua. Halikuwa lazima joto lizidi. Kisha nchi ikapasuka, katikati ikadidimia, na kwenye mipasuko na pembezoni mwake lava ikatoka. Mara nyingine ilitoka kwa wingi ikatiririka mbali ajabu: uwanda wa Yatta huko Ukambani ni mabaki ya mtiririko wa lava wenye urefu wa karibu kilomita 300. Mara nyingine ilitoka mahali pamoja tena na tena, lava juu ya majivu na majivu juu ya lava, ikalundikana.

Hiki ndicho kitenzi cha milima yetu. Kirinyaga haukuinuka. Ulilundikana, kwa kiasi kikubwa baina ya miaka milioni 3.1 na milioni 2.6 iliyopita, mpaka ukawa, kama inavyokadiriwa, na kimo cha zaidi ya mita 6,000. Kisha ukatafunwa na barafu. Batian na Nelion si kingo za kreta. Ni kizibo cha mwamba mgumu kilichoganda ndani ya koo la volkeno na kubaki kimesimama baada ya koo lenyewe kumomonyoka. Nyandarua ni kongwe zaidi, nayo pia ni rundo la volkeno, ila yenyewe iko kwenye ukingo hasa wa bonde. Upande wake wa magharibi umekatwa na ufa na kushuka kwa ngazi kupitia Kinangop hadi Naivasha. Upande wake wa mashariki, ambako ndiko Wamagana ilipo, huteremka pole kwa mgongo na mabonde.

Msomaji anaweza kuuliza kwa nini tofauti ya "kuinuka" na "kulundikana" itushughulishe hivi. Tuna jibu ambalo halitoki vitabuni. Kwenye miteremko ya mashariki ya Nyandarua, mvua za masika zikizidi, ardhi huporomoka na kuzika mashamba, na pengine nyumba zilizo na watu. Ofisa wa utawala anapofika barazani, na hasa akiwa si mwenyeji, huzungumza Kiswahili. Kama lugha aliyopewa inasema kwamba mlima ni mwamba uliojikunja ukawa mgumu, hawezi kueleza kilichotokea jana usiku. Lakini kama inasema kwamba mlima huu ni malundo ya lava na majivu, tabaka baada ya tabaka, ambayo hali ya hewa imeyaozesha yakawa udongo mwekundu mzito juu ya mteremko mkali, basi mzee wa Tetu aliyewahi kuchimba msingi wa nyumba au choo ataelewa mara moja kwa nini tabaka la juu lililonywa maji linaweza kuteleza. Hapo kitenzi kina kazi ya kuokoa mtu.

Kulundikana hakutoshi kwa milima yote ya Afrika Mashariki, na hatungependa kubadili kosa moja kwa jingine. Rwenzori, yenye mita 5,109, haina volkeno; ni kipande cha mwamba wa kale kilichoinuliwa baina ya mipasuko ya bonde la magharibi. Huko "kuinuliwa" ni neno halisi. Na milima ya kukutana kwa mabara nayo tuliwahi kuwa nayo. Kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita hivi, vipande vilivyokuja kuunda bara kuu la Gondwana vilikutana katika mstari unaopita kwetu, na safu ya milima ikakunjamana kutoka Msumbiji kuelekea kaskazini. Holmes ndiye aliyeupa ukanda huo jina la Msumbiji, mwaka 1951. Safu yenyewe imekwisha kulika. Kilichobaki ni mizizi yake, miamba iliyopikwa kwa joto na mgandamizo, ambayo leo twaiona Taita, Machakos na Usambara. Vito vya kijani vya tsavoriti vinavyochimbwa Taita vilipikwa katika mkutano ule. Kwa hiyo mwalimu anayetaka kufundisha kukunjamana bila kwenda Alps na aende Taita. Na vilima vinavyoonekana huko leo visichanganywe na ile safu ya kale: miamba yake ni ya wakati wa mkutano, lakini miinuko yenyewe imetokana na mipasuko na mmomonyoko wa baadaye sana.

Kuhusu majina ya wenyeji tutasema machache, kwa kuwa hapa ndipo wasomi wetu hupenda kukaa kupita kiasi. Safu ambayo Joseph Thomson aliipa jina la Lord Aberdare mwaka 1884, kwa heshima ya mkuu wa chama cha kijiografia cha London, Wagikuyu huiita Nyandarua, jina linaloelezwa kuwa latokana na ngozi iliyoanikwa. Ngozi huanikwa kwa kuwambwa, na kitenzi cha Kigikuyu ni kwamba, ndugu wa kuwamba kwetu. Inavutia kusema kwamba wahenga waliujua mvutano wa Bonde la Ufa wakaubandika kwenye jina. Hatusemi hivyo, na tungewashauri wenzetu wasiseme. Waliona umbo la migongo angani, wakaliita kwa kitu walichokiona uani. Lakini mtungaji wa istilahi haulizi wahenga walijua nini. Anauliza neno gani liko tayari mdomoni mwa watu. Kitenzi ambacho mtoto wa Wamagana anakielewa kwa lugha mbili, na ambacho kinataja kitendo kilekile cha kuvuta mpaka kitu kikawa chembamba, ni mali ambayo hatuna ruhusa ya kuiacha tukafuata neno la kutafsiri.

Jina la mlima mwingine lina kisa chake. Ludwig Krapf aliuona Mlima Kenya akiwa Kitui mwaka 1849, na "Kenya" yake ilitokana na matamshi ya Wakamba. Mtu huyohuyo ndiye mtungaji wa kamusi kubwa ya Kiswahili iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kifo chake. Wanajiografia wa London, W. D. Cooley akiwa mbele, walikataa kuwa theluji inaweza kuwapo karibu na ikweta, na sehemu ya ubishi wao ilikuwa juu ya maneno ya wenyeji na maana yake. Leksikografia na milima ya nchi hii vimefahamiana zamani.

Liko pia jambo dogo la ngeli ambalo waalimu wa Nyeri wanalijua. Kigikuyu husema kĩrĩma kwa mlima, na kĩrĩma hicho hakina udogo wowote. Mwanafunzi akiandika "kilima cha Kenya" husahihishwa kwa wino mwekundu, naye hushangaa, maana mzizi ni mmoja na kiambishi ni kilekile. Asahihishwe, ndiyo, lakini aelezwe pia kwamba Kiswahili kimekifanya ki- kuwa cha kudunisha hapo, ilhali jirani yake hakufanya hivyo. Na kwamba "Kilima" cha Kilimanjaro kiliwasumbua wataalamu wakubwa kwa sababu iyo hiyo.

Yabaki neno "ufa" lenyewe. Ufa wa ukutani ni mwanya, vidole vinaingia. Bonde la Ufa si mwanya uliofunguka bali ni sakafu iliyoshuka baina ya kuta mbili, na "bonde la mdidimio" lingekuwa sahihi zaidi. Hatupendekezi kulibadilisha. Neno limekwisha kukaa, lina ramani zake na siasa zake, na istilahi iliyozoeleka haing'olewi kwa kosa dogo. Tunachopendekeza ni kwamba kamusi ya jiografia itakayoandikwa isitoe jina bila ya kitenzi chake. Penye "bonde la ufa" paandikwe kudidimia. Penye "Himalaya" paandikwe kukunjamana, na penye "Rwenzori" kuinuliwa. Penye "Kirinyaga" paandikwe kulundikana, kisha kumomonyoka. Nyandarua itahitaji viwili kwa pamoja, kulundikana na kukatika, kwa kuwa mgongo wake wa Tetu una historia moja na uso wake wa Naivasha una nyingine.